Gari Linachemsha, Lori Linakuja Jumapili

Jumatatu, 14 Julai

Kabula kanipiga na mwiko mguuni sasa hivi, kisha kakimbilia nyuma ya mlango anacheka peke yake. Ana miaka miwili na miezi miwili. Nikimtazama sana anajifunika macho, anadhani simwoni.

Nguo nimefua. Dagaa nimechambua. Maharage yako jikoni. Saa kumi na mbili imepita, Baba Kabula hajafika.

Kafika. Nilikuwa nimeweka daftari chini, narudi. Amevutwa kwa kamba na fuso la mchanga, gari limenyamaza kama mgonjwa anayepelekwa kwao. Limechemsha mara nne kati ya machimbo na hapa Kahama. Wiki ya tatu hii. Mwanzoni lilichemsha kwenye mwinuko tu, wakiwa wamejaa watano, yeye na wenzake wa machimbo. Sasa hata tambarare.

Anasema mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, akaona moshi. Nikamwambia huo si moshi, ni mvuke. Akanitazama.

"Mama Kabula, mvuke au moshi, tumesukuma."

Nikacheka, yeye hakucheka. Hajala vizuri.

Gari lenyewe ni kuukuu. Saluni nyeupe, sasa ina rangi ya barabara. Sijui lilipita mikono mingapi kabla yetu. Lakini ndilo linalomleta nyumbani. Wanaochimba upande wa Bulyanhulu wengi wake zao wanawaona mwisho wa mwezi. Mimi namwona kila jioni. Kabula anaujua mlio wake, anakimbilia mlangoni mimi hata sijasikia kitu.

Leo hakukimbia. Gari lilikuja bila mlio.

Jumanne, 15 Julai

Fundi Shabani amekuja asubuhi. Ana gereji yake pale kwenye mkorosho, anajulikana mtaa mzima. Kafungua boneti, katazama kama dakika mbili, kafunga.

Kasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Injini ifunguliwe yote. Na ikifunguliwa huenda hedi imepinda, basi bora kutafuta injini nyingine. Kayasema hayo huku anatafuna muwa.

Baba Kabula akamuuliza kama ana uhakika. Akajibu, "Ndugu yangu, mimi gari nalijua kwa harufu."

Sikupenda. Hakuwasha. Hakugusa chochote. Lakini mimi ni nani? Nimeishia darasa la saba.

Mchana Baba Kabula akaniambia jambo alilokuwa nalo tumboni. Gari halifai tena. Tuliuze kwa yule mtu wa Shinyanga mjini anayenunua mabovu akayakata vipuri. Tuache vyumba hivi viwili. Tuhamie machimboni, sisi wote watatu. Mwenzake amemwonyesha nafasi ya kusimamisha turubai, karibu na mashine ya kusagia mawe, karasha.

Nimekwenda kule mara moja. Mashimo yako wazi kama midomo. Vumbi la mawe juu ya sufuria, juu ya kope. Watoto wanacheza kwenye matope ya mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, na humo humo wanatia zebaki.

Nikamwambia sitaki kumlea Kabula pale. Akasema hata yeye hataki, ila hataki pia kuishi kama mjane wakati mke anaye.

Wote tumesema kweli. Hiyo ndiyo mbaya.

Jumatano, 16 Julai

Kaondoka alfajiri kwa bodaboda. Atalala kule mpaka Ijumaa.

Kabula kamtafuta chini ya kitanda.

Saa nne akapiga simu. Mnunuzi atakuja Jumamosi saa tano. Lori la mwenzake linabeba vyombo Jumapili, litapita na kwetu. Nianze kufunga. Aliongea taratibu, kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kuhusu sindano.

Nimekunja shuka mbili. Nikazikunjua.

Baadaye nikampigia baba yangu, Mwadui. Baba alikuwa dereva wa malori miaka mingi. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi na kumpa spana, maana kaka zangu walikuwa wanakimbia. Masikio yake siku hizi hayapo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi baba, Mama Kabula."

"Kabula anaumwa?"

"Hapana baba, gari!"

"Gari linaumwa?"

Mama Rehema, jirani yangu, anauza vitumbua kibarazani. Akacheka mpaka kitumbua kikaungua.

Nikamweleza baba yote kwa kupiga kelele, mtaa mzima wamesikia. Akaniuliza, mafuta ya injini yamegeuka maziwa? Nikasema sijui. Feni inazunguka? Sijui. Rejeta inapoa chini au juu? Sijui. Akakasirika kweli kweli. Akasema injini ni ya mwisho kushitakiwa. Kwanza maji, halafu upepo, halafu mzunguko. Huyo fundi wenu kamhukumu mtu bila kumsikiliza.

Salio likaisha hapo.

Nina siku mbili na nusu. Ufunguo wa gari uko kwenye kikombe.

Alhamisi, 17 Julai, asubuhi

Nimemwachia Mama Rehema mtoto. Nimevaa suruali ya Baba Kabula, nimeifunga kwa kamba ya katani.

Nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Nimekifuta, nimerudisha, nimechomoa tena. Nyeusi. Haina maziwa hata tone, maana yake maji hayajaingia humo. Nimenusa. Oili tu.

Nimefungua mfuniko wa rejeta, gari likiwa baridi. Baba aliwahi kuungua mkono kwa mfuniko huo, nilikuwa na miaka tisa, siwezi kusahau. Maji yalikuwa chini sana. Nikajaza ya bomba, ndoo nzima ndogo. Nikawasha huku mfuniko uko wazi, nikachungulia. Gasketi ikiungua maji yanatoa mapovu kama chungu cha uji, hayakomi. Hapakuwa na mapovu.

Nikajiambia tulia, usifurahi mapema.

Nikafunga mfuniko, nikaliacha lingurume. Mshale ukapanda pole pole. Feni ikajiwasha, inazunguka vizuri, imenipeperusha kitenge cha kichwani. Kwa hiyo upepo upo.

Watu wameanza kusimama. Mama Rehema kwa sauti: "Jamani mje muone, Mama Kabula kafungua gereji!" Mzee mmoja wa baiskeli akauliza fundi yuko wapi. Akamjibu, "Ndiye huyo, aliyevaa kamba."

Sikujali. Kidogo nilijali.

Alhamisi, jioni

Niandike hili vizuri nisije kusahau.

Mshale ulipofika juu nikazima. Feni ilipokuwa imesimama kabisa nikaweka kiganja kwenye rejeta, mbele, kule kwenye mapezi yake. Nilifanya kama ninavyomfanyia Kabula akiwa na homa. Kwanza kichwani, halafu kifuani, halafu miguuni.

Juu moto wa kuunguza. Katikati upande mmoja vuguvugu. Chini baridi. Baridi kabisa, kama hakuna gari.

Nikashika mpira wa juu unaoleta maji kutoka kwenye injini. Moto. Mpira wa chini unaorudisha, baridi, na kwenye klipu yake unyevu. Umelegea, unadondosha. Kumbe ndiyo sababu Baba Kabula anaongeza maji kila siku.

Basi maji moto yanaingia juu na hayashuki. Kuna kitu kimeziba humo ndani.

Nikangoja lipoe mpaka saa tisa. Nikafungua kizibo cha chini. Nilihitaji chombo cheupe nione rangi, na cheupe ninacho kimoja tu, beseni la kumwogeshea Kabula. Maji yakatoka kama mkojo wa mbuzi, kidogo kidogo, kisha yakasimama. Nikachokoa na kijiti cha fagio. Yakatoka tena, sasa ya kijivu. Kijivu kama maji ya kuoshea jivu.

Si kutu. Kutu ninaijua, ni nyekundu.

Nimeacha beseni pale chini ya dirisha litulie. Kabula alipita akatia mkono wote, akajipaka shavuni, akasema "uji". Nimemsafisha. Amelala sasa.

Ijumaa, 18 Julai, asubuhi

Maji yametulia. Juu safi kabisa, ungeweza kuyanywa. Chini kuna tope limelala nene kama kidole. Laini kama unga wa sembe. Ukilisugua linakwaruza kidogo. Kwenye jua linametameta.

Sijui ni nini. Nimemwonyesha Mama Rehema, kasema ni uchawi au ni saruji.

Nimekwenda kwa Fundi Shabani na kikombe cha hilo tope. Hakukitazama. Kasema, "Shemeji, rejeta zote zina uchafu. Pua ikiwa na uchafu mtu anaacha kupumua? Tatizo ni gasketi." Wenzake wakacheka. Nikarudi na kikombe changu. Nimelia kidogo njiani, si sana. Nilikuwa na hasira zaidi.

Mnunuzi amepiga simu kwa Baba Kabula, kathibitisha kesho.

Ijumaa, usiku mapema

Niandike yote.

Baba Kabula kaja na bodaboda jua likizama. Alikuwa amechoka, vumbi mpaka ndani ya masikio. Sikumsubiri anawe. Nikamshika mkono nikampeleka dirishani, nikamwonyesha beseni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Baba kasema hivi, juu moto, chini baridi. Sikuyasema.

Kachuchumaa. Kachota tope kwa kidole, kalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kainua kwenye mwanga. Kama anavyofanya kazini.

"Mayu wane," akasema. Mama yangu, kwa Kisukuma.

Kisha: "Haya ni marudio."

Marudio ni ule unga wa mawe unaobaki wakishaosha dhahabu. Yeye anauishi mwaka wa nne, hawezi kuukosea hata gizani.

Nikamuuliza, maji ya kuongeza kwenye gari unachota wapi? Akatazama pembeni. Kule maji ya kisima ni mbali, unapanga foleni na madumu. Mwaloni kuna shimo la maji yaliyotuama, ni pale pale wanapoegesha. Wote wanachota hapo. Yanaonekana safi. Kila jioni kabla ya kuondoka alikuwa anajaza dumu la lita tano, anamimina. Kila jioni. Tangu mwezi wa pili.

Kwa hiyo kila siku alikuwa anamimina mawe ndani ya gari lake mwenyewe, kijiko kwa kijiko.

Akaanza kucheka. Cheko la aibu kwanza, halafu la kweli. Akaingia ndani akatoka na karai lake, akamimina lile tope na maji, akaanza kulizungusha pale pale uani. Nikamwambia unafanya nini? Akasema, "Nyamaza kwanza, huwezi jua." Mama Rehema akachungulia juu ya ukuta: "Baba Kabula, rejeta imezaa?" Akazungusha mpaka ukabaki mchanga mweusi tu ukingoni. Hakuna hata chenga ya dhahabu. Akarudia mara ya pili. Mchimbaji ni mchimbaji.

Nami nilikuwa nacheka. Halafu nikamwona Kabula kasimama pembeni, anamwangalia baba yake, na mikono yake ameikunjua anataka kuiingiza karaini.

Ndipo nikakumbuka jana. Mkono wote. Shavu. "Uji."

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, hilo shimo la maji lina zebaki?

Akaacha kuzungusha.

Akasema zebaki wanatia upande wa pili, kwenye mabeseni, shimo hili ni la kuoshea kwanza. Akasema nadhani. Nikasema unadhani? Akasema mvua ikinyesha yote yanateremka sehemu moja.

Nimemwogesha Kabula mara tatu. Kwa sabuni ya kufulia. Amelia sana. Kucha nimezikata zote, hata za miguu. Nimemnusa mdomo, nimemtazama ulimi kwa tochi. Anacheka tu, anadhani ni mchezo.

Beseni nimelitoboa kwa msumari matundu sita ili mtu asije akaliokota jalalani akaogeshea mwanawe. Tope Baba Kabula kalifunga kwenye mkebe, atalirudisha kule lilikotoka. Karai nalo limetoka uani.

Alikaa kwenye ngazi. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba kuna mtoto wa mwenzake wa umri wa Kabula. Anakaa ndani ya maji hayo kutwa. Mama yake anamwosha humo humo.

Ila gari bado halijapona, na lori ni Jumapili. Tusipokuwa na gari tutakuwa na turubai au tutakuwa mbalimbali. Hayo mawili tu.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ndefu. Naandika nikiwa nimelala ubavu.

Saa moja asubuhi Baba Kabula akaenda mwenyewe kwa Fundi Shabani na mkebe. Sijui walisema nini. Walirudi pamoja, Fundi hana muwa. Kanisalimia "Mama Kabula, habari za gereji?" Nikajibu nzuri. Hakuniita shemeji tena, wala hakutaja pua.

Wakaitoa rejeta. Nzito. Wakaipeleka kwa mzee mmoja anayezibua rejeta, yuko nyuma ya stendi. Ni ya shaba, ya zamani, kwa hiyo inafunguka. Akayeyusha risasi ya maungio, akatoa kifuniko cha juu. Baba Kabula anasema vile vijitundu vya ndani, karibu theluthi mbili vilikuwa vimejaa tope lililokauka kama tofali. Mzee kavichokoa kimoja kimoja kwa waya bapa. Kisha kapitisha maji ya bomba kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, kinyume. Yalitoka ya kijivu dakika kumi nzima.

Huku nyumbani mimi nilisafisha njia za injini kwa mpira wa bustani wa Mama Rehema. Nazo zilikuwa na tope, si sana. Nimebadilisha klipu ya mpira wa chini. Nimeikaza mwenyewe.

Saa tano mnunuzi kafika. Mtu mnene, mpole, na kijana wake na mnyororo wa kuvutia. Kakuta gari halina rejeta. Nikamwambia asubiri mwenye gari. Akauliza lina shida gani, nikasema lilikunywa maji mabaya. Akacheka akakaa kibarazani kula vitumbua.

Saa saba wakairudisha rejeta. Tukajaza maji ya bomba, niliyachuja kwa kitambaa. Nikasimama karibu ili nihakikishe. Tukaingia wanne, Baba Kabula, Fundi, mimi na Kabula mapajani. Tukashika njia ya Bulyanhulu.

Kilomita tatu, mshale chini. Nne. Tano. Kabula anaimba. Kilomita ya saba mshale ukaanza kupanda.

Sijui kueleza. Ulipanda kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Ukapita nusu. Baba Kabula akaegesha pembeni, akazima, akaweka paji la uso kwenye usukani. Fundi akasema polepole, "Nilisema gasketi." Hakusema kwa kunicheka. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikaona turubai. Kweli, nililiona, na sufuria zangu chini yake.

Nikashuka. Nikatembea na Kabula barabarani, nikamwonyesha ng'ombe. Nikamkumbuka baba. Kila alipobadilisha maji ya lori alilipandisha pua kwenye tuta, anaacha mfuniko wazi, anawasha, ananituma nihesabu mapovu. Kwa nini? Nilikuwa mtoto, nilihesabu tu. Hewa. Ilikuwa ni hewa. Ukimwaga maji yote, hewa inabaki imejificha ndani ya injini na maji hayapiti.

Nikarudi nikawaambia. Fundi Shabani akakuna kichwa, akasema inawezekana. Lakini mapovu ya gasketi nayo ni mapovu, utayatofautisha vipi? Nikasema ya gasketi hayaishi. Ya hewa yanaisha.

Tukasubiri lipoe saa nzima na zaidi. Hakuna aliyegusa mfuniko. Wakalisukuma, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya tuta la kandokando ya barabara. Nikafungua mwenyewe. Baba Kabula akawasha.

Mapovu yakaja. Makubwa. Blup, blup. Maji yakashuka, nikaongeza. Yakaja mengine. Nikahesabu kwa sauti, Kabula anafuatisha, "moja, moja, moja." Nilifika kumi na tisa. Fundi kainama karibu na mimi, naye anahesabu midomo ikicheza. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu, dogo. Tukangoja.

Tukangoja.

Maji yakatulia, yanapita tu, unayaona yanavyokwenda.

Fundi akanyoosha mgongo. "Basi," akasema. "Imetoka." Baba Kabula akamshika mkono, "Wabeja, wabeja sana." Fundi akamwambia mshukuru aliyevaa kamba.

Tukarudi Kahama, tukapakia magunia mawili ya mpunga ya Mama Rehema na watu watano, tukalipeleka tena njia ile ile mpaka kilomita ishirini. Mshale ulikaa katikati. Nilikuwa sijapepesa macho, machozi yananitoka kwa vumbi.

Mnunuzi alikuwa bado kibarazani. Baba Kabula akamwomba radhi kwa kumpotezea siku. Yule akasema hasara yake ni vitumbua tu, amekula kumi na moja.

Jumapili, 20 Julai

Lori lilikuja saa mbili. Lilikuwa na vyombo vya familia mbili, magodoro, kuku kwenye tenga, na mwanamke mmoja kijana amekaa juu ya gunia na mtoto mchanga. Dereva akapiga honi mara tatu.

Baba Kabula akatoka akamwambia sisi hatuendi.

Nilimpa yule mwanamke dumu la maji safi ya bomba. Nikamwambia usimwogeshe mtoto kwa maji ya kule, hata yakionekana meupe. Akaniambia asante dada. Nikataka kusema zaidi, lori likaondoka. Nimebaki namfikiria. Ningekuwa mimi.

Jumanne, 22 Julai

Nimempeleka Kabula kliniki. Nesi kanisikiliza yote, hakunikemea. Kauliza kama alitia mdomoni, anakula vipi, analala vipi, mikono inatetemeka? Kampima uzito, kaongezeka. Kaandika kwenye kadi, kasema nimrudishe baada ya wiki mbili, na nikiona badiliko lolote nisisubiri. Kasema baba naye akirudi anawe na abadili nguo kabla ya kumbeba. Nimeshamwambia. Kakubali. Sasa anavulia nguo nje kama kuku anayenyonyolewa.

Gari jana limekwenda na kurudi. Leo pia.

Ijumaa, 25 Julai

Siku nne, hakuna mvuke. Kila asubuhi anabeba dumu la maji ya bomba kutoka hapa, nimelichora alama nyekundu. Wenzake wanne walimcheka siku ya kwanza, eti gari linakula kuliko wao. Siku ya pili mmoja akaja na dumu lake, maana na pikipiki yake ya magurudumu matatu inachemsha. Walikuwa wote wananywesha marudio.

Nina amani. Siyo furaha ya kurukaruka, ni amani tu. Nimerudisha shuka kitandani. Nimempigia baba, kaniuliza mapovu yalikuwa mangapi. Nikamwambia ishirini na matatu. Akasema si mabaya.

Jua linazama sasa hivi. Kabula yuko mlangoni, ameshatoka mbio tangu zamani, na mimi ndiyo kwanza nausikia ule mlio pale kwenye kona. Leo nimepika kisamvu cha karanga. Nilikuwa nataka kuandika kuhusu yule mwanamke wa kwenye lori, nimemwambia Baba Kabula amtafute kule, na kama atakubali basi siku ya Jumapili tutampelekea madumu ya maji ya bomba, tuta

Baba Kabula ananiita, mikono yake michafu, nimchukue mtoto kabla haja